Picha za Familia, Chakula na Safari Sikukuu za Mwisho wa Mwaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara (Dodoma na Kanda ya Kati)

Kuanzia Desemba 9 mpaka Januari 12, simu za huku hazipumziki. Shule zimefungwa, watu wanashuka stendi ya Nanenane na stesheni ya SGR wakitokea Dar na Morogoro, na kila kundi la familia linafurika picha. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mwaka. Tumeanza na kupiga, tukaja kutuma, kisha nani aone nini, na mwisho kutunza. Jibu likishikana na lingine tumetaja namba yake.

## Kupiga: mwanga na watu

1. Picha zinatoka na ukungu, na usiku taa zina miale mirefu. Kamera imekufa?

Mara nyingi ni lenzi chafu. Simu iliyoshikwa na mkono uliotoka kwenye nyama choma inabaki na utando wa mafuta juu ya kioo cha lenzi. Mchana huuoni sana, lakini usiku kila taa inatawanya miale. Hemea lenzi kidogo, kisha ifute kwa kitambaa laini cha pamba kilicho safi. Vumbi la Dodoma lina mchanga, kwa hiyo puliza kwanza ndipo ufute, la sivyo unakuwa kama mtu anayepiga msasa kioo cha simu yake mwenyewe.

Ukungu unaoonekana upande wa ndani wa kioo ni unyevu ulioingia. Hilo liko swali la 25.

2. Saa ngapi mwanga ni mzuri Desemba?

Mwishoni mwa Desemba, Dodoma jua linachomoza kama saa 12:20 asubuhi na kuzama kama saa 12:50 jioni. Mwanga laini, unaopendeza usoni, unapatikana mpaka kama saa 2:30 asubuhi, halafu unarudi kuanzia saa 11 jioni. Kati ya saa 5 na saa 9 jua liko karibu na utosi: macho yanageuka mashimo, pua inatupa kivuli juu ya mdomo, na aliyevaa kofia hana uso kabisa.

Tatizo ni kwamba chakula cha Krismasi huiva saa 8 mchana na wageni wanataka picha wakati huo huo. Wapeleke kwenye kivuli cha baraza, wasimame hatua moja ndani ya ukingo wa kivuli, wakitazama nje. Mwembe unavutia macho lakini majani yake yanapitisha mabaka ya jua, na baka likitua shavuni hakuna programu ya kulifuta vizuri. Kivuli cha ukuta ni bora kuliko kivuli cha mti.

Na usilalamikie mawingu. Ni msimu wa mvua. Mbingu iliyotanda inalainisha mwanga kutwa nzima, na mvua ikishakata vumbi linakuwa limetulia, hivyo Mlima Simba na vilima vya pembeni ya mji vinaonekana vizuri kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka.

3. Kwa nini nyuso zinatoka nyeusi na anga inatoka nyeupe tupu?

Kamera inapima mwanga wa fremu nzima. Anga au ukuta mweupe ukichukua sehemu kubwa, simu inapunguza mwangaza, na wanaoumia ni watu wa ngozi nyeusi walio mbele. Gusa uso wa mtu kwenye skrini. Alama ya kijua ikitokea, ivute juu taratibu mpaka uone macho. Kama nyuma yao kuna dirisha au jua, zunguka wewe mpaka jua liwe mgongoni mwako au ubavuni.

Nguo nyeupe za kanisani au kanzu zinaleta shida ya pili: ukiongeza mwangaza sana kitambaa kinapoteza mikunjo yake yote. Tafuta kati. Uso uonekane kwanza, shati lifuate.

Usiku, taa ya simu inafika mita 2 au 3 tu. Ukiiwasha kwa watu walio mita 8 unaangaza viti vya mbele na kuwaacha wao gizani. Wasogeze chini ya taa ya baraza badala yake.

4. Tuko ukoo mzima, watu kama 25. Tunapangaje?

Safu tatu. Wazee wakae kwenye viti katikati, watoto wakae mkekani mbele yao, warefu wasimame nyuma. Kila mtu aone lenzi kwa macho yote mawili. Usipoiona, nayo haikuoni. Mpigaji arudi nyuma mita 5 au 6, asitumie lenzi pana ya 0.6, kwa sababu walio pembeni watavutwa vichwa na mabega, na ndio watakaonuna.

Weka simu kwenye tripodi au uiegemeze juu ya kitu kigumu, urefu wa kifua. Washa taima ya sekunde 10, upige picha tano mfululizo. Katika watu 25 kila mara kuna anayefumba macho. Acha nafasi juu ya vichwa na miguuni. Sababu iko swali la 23.

Jambo moja linasahaulika: fungua albamu yoyote ya sikukuu na umtafute mama mwenye nyumba. Hayumo. Alikuwa jikoni. Ukoo ukikusanyika, aitwe kwanza, vyungu vitasubiri dakika tatu.

5. Watoto hawatulii.

Usiwatulize. Chuchumaa mpaka simu iwe usawa wa macho yao, piga mfululizo, kisha uchague moja na ufute nyingine hapo hapo.

## Chakula

6. Pilau ni tamu mezani lakini kwenye picha ni rangi ya udongo. Kwa nini?

Taa. Balbu ya njano inaifanya pilau ionekane chafu, na ya buluu inaifanya nyama ionekane kama imelala siku mbili. Beba sahani mpaka dirishani au mlangoni, uzime taa ya ndani ili mianga miwili isichanganyike, na mwanga uingie kutoka ubavuni au nyuma kidogo ya sahani. Usitumie flashi: mafuta yote yatang'aa madoa meupe.

Sinia lipigwe kutoka juu kabisa, simu ikiwa sambamba na meza. Chakula chenye kimo, kama ugali au kuku mzima wa kienyeji wa Singida, kipigwe kwa kuinama, kutoka mbele. Mvuke unaonekana tu ukiwa na kitu cheusi nyuma yake na mwanga ukitokea nyuma, na unao dakika moja hivi kabla haujaisha.

7. Mlenda unapigwaje? Kila picha inaonekana kama matope ya kijani.

Ukipigwa kutoka juu, mlenda ni duara la kijani linalong'aa, hauna umbo. Uhai wake uko kwenye kuvutika. Mtu achukue tonge la ugali wa uwele au mtama, achovye, ainue mkono taratibu sentimita 20 hivi, na wewe uwe ubavuni, simu usawa wa bakuli, nyuma kukiwa na ukuta wenye giza. Gusa skrini pale uzi wa mlenda unapoachana na bakuli ili kamera ilenge hapo, kisha piga mfululizo, maana uzi haudumu. Punguza mwangaza kidogo ili mng'ao usizidi.

Usiweke vichujio vya rangi. Ugali wa uwele una rangi ya kijivujivu, na ndiyo rangi yake. Ukiupausha uwe mweupe, ndugu aliye mbali hatajua kama umekula chakula cha nyumbani au sembe ya dukani.

8. Ni lazima kupiga picha kila sahani kabla ya kula?

Hapana. Sala, picha moja ya meza, watu wale. Kama unataka picha za chakula zenye maana, nenda jikoni asubuhi: mikono inayochambua mchele kwenye ungo, moshi wa kuni, watoto wanaokuna nazi. Picha kumi za sahani zilizojaa zinafanana nyumba zote.

## Safari

9. Napigaje picha kupitia dirisha la treni au basi?

Gusisha lenzi na kioo, au uizungushie kiganja, ili taa na sura za ndani zisijirudie kwenye kioo. Zima flashi. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, inafika kilomita 160 kwa saa, kwa hiyo nguzo na miti iliyo karibu itakuwa mistari tu. Lenga vilima na mawingu vilivyo mbali. Sehemu nzuri ni kati ya Kilosa na Gulwe, milimani, ila huko kuna mahandaki: ukiona giza, subiri. Ukitaka macheo, panda ya alfajiri na ukae upande ambao jua linachomozea.

Kwenye basi tatizo ni mtikisiko. Piga linaposimama, mfano Gairo au Kibaigwa. Na kioo kikiwa wazi, shikilia simu kwa mikono miwili au usiitoe kabisa, maana kuna wanaosubiri hilo hilo.

10. Wapi nisipige?

Makambi ya jeshi, vituo vya polisi, magereza, Ikulu ya Chamwino, mageti ya majengo ya serikali, na mitambo ya umeme. Watu wengi wanajikuta matatani Mtera: wamesimama kula samaki, wanataka bwawa liwe nyuma yao, kumbe fremu imebeba mitambo. Ukiona askari, muulize kwanza. Akisema futa, futa, usianze mjadala wa haki za raia barabarani.

Nyerere Square, masokoni na vilimani unaweza kupiga bila shida, ukizingatia watu walio kwenye fremu (swali la 12). Droni ni habari nyingine: inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga hata kama ni ya kuchezea tu shambani kwa babu.

11. Tunaenda kuona michoro ya miambani Kondoa. Kuna masharti?

Yapo. Michoro hiyo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006. Jiandikishe kwanza Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa kwenye barabara ya Babati, na uende na mwongozaji. Usiguse mwamba, kwa sababu mafuta ya vidole yanabaki. Usimwagie maji ili rangi "itokee". Zamani watu walifanya hivyo na rangi zikaharibika. Zima flashi, na mweleze kila mtoto kabla hamjafika.

Ukutani kuna kivuli, na rangi nyekundu imefifia, kwa hiyo piga bila kuvuta, sogea kadiri mwongozaji anavyoruhusu, kisha ongeza ukolezi wa rangi baadaye kwenye simu. Picha moja iwe na mtu amesimama pembeni, ili anayeipokea ajue ukubwa wa mchoro.

12. Naweza kupiga picha wapiga ngoma au watu wa njiani?

Omba kwanza. Kina mama wa Kigogo wakipiga muheme kwenye sherehe ya jirani, muone mkubwa wa kikundi, salimia, sema picha zinakwenda wapi, na kama kuna chochote cha kutoa mkubaliane kabla. Kwa muuza zabibu au ubuyu njiani, nunua ndipo uombe. Mtu akigeuza uso ameshajibu.

## Kutuma

13. Nikituma kwa WhatsApp picha zinapoteza ubora. Nifanyeje?

WhatsApp inazibana picha ili zipite haraka: picha ya MB 4 inaweza kufika ikiwa chini ya KB 300. Kuna njia tatu. Ya kawaida inatosha kwa kutazama kwenye simu. Ya pili, gusa alama ya HD kabla ya kutuma, inafaa picha za kundi ambamo watu watakuza kutafuta sura zao. Ya tatu, ambatisha picha kama faili au hati, siyo kama picha. Hiyo inafika kama ilivyo, na ndiyo ya kumtumia mwenye studio.

Angalizo kwenye njia ya tatu: faili halisi linabeba na taarifa zake zote, ikiwemo mahali ilipopigwa kama kamera yako inarekodi mahali. Picha iliyopigwa nyumbani inaonyesha nyumba iko wapi. Usiitume hivyo kwenye kundi lenye watu usiowajua.

14. Bando linaisha haraka. Picha zinakula kiasi gani?

Picha ya kawaida ya WhatsApp inakula kidogo, kwa hiyo hata mia haziwezi kukumaliza. Kinachomaliza bando ni video: dakika moja ya ubora wa 1080p ni MB 100 au zaidi kwa simu nyingi kabla haijabanwa. Kata video iwe sekunde 20. Halafu ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, na uzime upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video unapotumia data ya simu. Unachotaka kuona utakigusa mwenyewe.

Hakikisha pia nakala rudufu ya picha inasubiri waifai. Wengi wanalaumu mtandao, kumbe simu inapandisha picha 300 kimya kimya usiku.

15. Tuko kijijini, mtandao unakuja na kuondoka. Tunapeanaje picha?

Kwa waliokaa pamoja hakuna haja ya bando. Tumia Quick Share kwa simu za Android, AirDrop kwa iPhone, au Xender kwa mchanganyiko. Bluetooth inafanya kazi pia lakini picha moja kubwa inaweza kuchukua nusu dakika, na albamu nzima itawamalizia jioni.

Kwa walio mbali, tuma tu. WhatsApp itazishikilia na kuzipeleka mtandao ukirudi. Usizifute kwenye simu kabla hujaona alama ya tiki. Alfajiri mtandao huwa mwepesi kuliko saa 2 usiku, wakati kijiji kizima kiko hewani.

Umeme nao: powerbenki iliyoandikwa mAh 10,000 haichaji simu ya mAh 5,000 mara mbili. Sehemu inapotea katika kubadilisha nguvu, kwa hiyo hesabu mara moja na robo hivi.

16. Nitume picha ngapi kwenye kundi la familia?

Chache kuliko unavyotaka. Picha tano zenye maelezo zinatazamwa. Sitini zilizomwagwa saa 5 usiku zinafunguliwa mbili za kwanza na kundi linawekwa kimya. Chagua moja ya watu wote, moja ya chakula, moja ya wazee, moja ya watoto, moja ya kuchekesha. Nyingine ziweke kwenye albamu ya pamoja (swali la 24), anayetaka azifuate.

Andika maneno chini ya kila picha: nani, wapi, lini. "Bibi na wajukuu wa shangazi, Mpwapwa, Desemba 26" ni mstari mfupi, lakini baada ya miaka kumi ndio utakaowaambia watoto yule aliyekaa kushoto ni nani. Hili ndilo jambo linalopuuzwa kuliko yote kwenye ukurasa huu.

17. Kwa nini shangazi haoni stetasi yangu?

Stetasi ya WhatsApp inaonekana pale ambapo nyote wawili mmehifadhi namba za kila mmoja. Kama wewe unayo yake lakini yeye hajakuhifadhi, haioni. Inawezekana pia umemtoa kwenye orodha ya wanaoona, au ameinyamazisha, au saa 24 zimepita. Mtumie moja kwa moja. Wazee wengi hawafungui stetasi kabisa.

18. Ndugu wako ughaibuni. Tutume au tupige video saa ngapi?

Majira ya baridi, Uingereza iko nyuma yetu kwa saa 3, Ujerumani na Sweden kwa saa 2, New York na Toronto kwa saa 8. Mkikaa mezani saa 8 mchana, London ni saa 5 asubuhi na New York ndiyo kwanza saa 12 alfajiri. Video ya pamoja iwekeni saa 11 jioni ya huku, mwanga ukiwa bado upo na Marekani wameshaamka.

19. Mimi ndiye niliyeko ughaibuni. Picha zangu za theluji zinatoka kijivu.

Ni swali la 3 lililogeuzwa. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inauzima. Gusa skrini, vuta kijua juu mpaka theluji iwe nyeupe lakini bado uone alama za nyayo. Fanya mapema, maana London mwishoni mwa Desemba jua linazama karibu saa 10 alasiri.

Baridi kali inaangusha chaji ghafla, hata simu iliyoonyesha asilimia 40 inaweza kujizima. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukiingia ndani kwenye joto lenzi inapata ukungu. Subiri ukauke wenyewe. Na wa huku nyumbani wanapenda kuona zaidi ya theluji: piga jikoni kwako, viatu vilivyopangwa mlangoni, ugali uliosonga huko. Theluji wameshaiona kwenye televisheni.

20. Picha kutoka iPhone hazifunguki kwenye simu yangu.

Zimetumwa kama faili na ziko katika muundo wa HEIC. Mwambie mtumaji aende kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya miundo, achague unaoendana na vifaa vingi. Kuanzia hapo picha mpya zitakuwa JPEG. Zilizokwisha pigwa azitume kwa njia ya kawaida au HD, WhatsApp inazibadilisha yenyewe.

## Nani aone nini

21. Kuna ubaya gani kuposti nikiwa bado safarini, au kuposti watoto na ndugu?

Ukiposti ukiwa stesheni na familia nzima, umetangaza kwamba nyumba yenu ya Dodoma haina mtu. Posti ukirudi, au tumia stetasi iliyobanwa kwa watu unaowachagua. Tiketi usizionyeshe: zina jina na alama ya kukaguliwa.

Kwa watoto kanuni ni nne: wasiwe wanaoga au nusu uchi, sare ya shule isisomeke, jina kamili lisiandikwe, na mzazi awe amekubali. Mtoto wa dada yako ana mama yake, muulize. Dada wa kazi naye ni mtu, siyo pambo la nyuma ya picha.

Kuna ndugu ambao picha inawaponza kwa sababu zao: aliyevua hijabu kwa kuwa yuko nyumbani, aliyeomba ruhusa ya ugonjwa kazini, aliyemwambia mwenye kikoba kwamba hana hela na sasa anaonekana na sinia la mbuzi. Uliza tu, "Niitume?" Akisema hapana usidai sababu.

Mgahawa, studio au mfanyabiashara akitumia sura za familia yako kujitangaza bila ridhaa, mwandikie aiondoe. Akikaidi, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko.

Msiba ukiangukia sikukuu, picha za marehemu na za wagonjwa vitandani zibaki kwa wenye msiba. Wakitaka zisambae watazitoa wao.

22. Nimetuma picha kundi lisilo lake. Na je, tapeli akichukua picha yangu?

Shikilia picha, chagua kufuta kwa wote. Una takriban siku mbili na nusu, lakini aliyeipakua anaweza kuwa nayo. Stetasi ifute haraka. Kumbuka WhatsApp haikujulishi mtu akiipiga skrinshoti.

Sikukuu ndipo tapeli anachukua picha yako ya familia, anaiweka kwenye laini ngeni, kisha anawaandikia ndugu: "Simu yangu imeharibika, ile hela tuma kwenye namba hii." Ukisikia hivyo, toa taarifa kwenye kundi kwa sauti yako, siyo maandishi, waambie wasitume. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, na uiripoti ndani ya WhatsApp. Wanafamilia wazoeane: hela haitumwi kabla ya kupiga namba ya zamani na kusikia sauti.

## Kutunza

23. Nataka kuchapisha. Picha gani inafaa, na kwa nini studio inakata vichwa?

Saizi ya kawaida ni 4 kwa 6, yaani kama sentimita 10 kwa 15. Hiyo inataka pikseli 1200 kwa 1800, na picha ya kawaida ya WhatsApp, yenye kama 1600 upande mrefu, inapita kwa shida kidogo. Kwa A4 unahitaji kama 2480 kwa 3508, kwa hiyo peleka faili halisi (swali la 13).

Vichwa vinakatwa kwa sababu simu inapiga 4:3 na karatasi ni 3:2. Ukijaza karatasi, kama asilimia 11 ya kimo inaondoka. Ndiyo maana swali la 4 linasema acha nafasi. Kama umeshabana, mwambie fundi aache mipaka myeupe pembeni badala ya kukata.

Chapisha angalau ya ukoo mzima, na mpelekee bibi. Yeye hana stetasi.

24. Tunakusanyaje picha za simu zote sehemu moja?

Fungua albamu ya pamoja kwenye Google Photos, alika watu kwa barua pepe zao, ruhusu kila mmoja aongeze zake. Ukitumia kiungo, yeyote aliyekipata anaona, kwa hiyo kizime wote wakishaingia. Nafasi ya bure ni GB 15, na inagawanywa na barua pepe na Drive. Video nyingi za pilau zinaweza kuzuia barua pepe zako za kazini kuingia.

Kila mtu apandishe kutoka simu iliyopiga. Picha zilizopitia WhatsApp mara nyingi zinabeba tarehe ya kupokelewa, hivyo ya Krismasi inakwenda kukaa kati ya za Januari. Aliye na simu ya saa isiyo sahihi airekebishe kabla ya sherehe, siyo baada.

Simu ikijaa, anza na sehemu ya hifadhi ya WhatsApp: inakuonyesha mafaili makubwa na yaliyosambazwa mara nyingi. Zile kadi za "Heri ya Krismasi" zinazometameta futa zote bila huruma.

25. Simu imelowa mvua na picha zote zimo.

Izime mara moja. Usiichaji, usiitikise, usiiweke kwenye mchele: vumbi la mchele linaingia kwenye matundu. Toa laini na memori kadi, kausha nje kwa kitambaa, iegemeze tundu la chaji likitazama chini, mahali pa hewa, siyo juani wala karibu na jiko. Iache angalau siku nzima, mbili ni bora. Kama memori kadi ina picha, ikaushe na uisome kwenye kifaa kingine wakati simu ikisubiri.

Ikigoma, mpe fundi umwambie mapema kwamba unachotaka ni picha, siyo simu. Kazi hizo mbili ni tofauti, na fundi anayekimbilia kuirudisha simu katika hali ya kiwandani atazifuta.